Mwanafunzi wangu wa la kwanza anaziba masikio ngoma ya mchakamchaka ikilia, Mwalimu Mkuu anataka ahamishwe. Naombeni ushauri

mwalimu_wa_zamu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nafundisha Darasa la Kwanza shule ya msingi ya serikali, Tanga mjini. Ualimu wangu ni wa kawaida, elimu maalumu niliipitia juujuu chuoni. Darasani nina watoto 90 na ushee.

Kuna binti nitamwita Z, ana miaka saba. Kichwa anacho: herufi anazijua zote, kujumlisha anafanya bila vijiti. Shida inaanza asubuhi. Ngoma ya mchakamchaka ikilia tu anaziba masikio na kukimbilia nyuma ya tangi la maji, anachuchumaa huko. Akivutwa arudi mstarini analia mpaka anatapika. Kengele yetu ni rimu ya gari inayogongwa kwa nondo, imening'inizwa kwenye mwembe ulio mbele ya darasa langu. Kila ikikaribia saa ya kugongwa anaacha kuandika anamtazama mlangoni yule mtoto wa zamu. Mvua ikipiga bati ndiyo basi tena, yuko chini ya dawati.

Mtandio wa sare anauvua kila mara. Siku moja nilimwangalia vizuri nikakuta mstari mwekundu chini ya kidevu pale lastiki inapobana, amejikuna mpaka ngozi imechubuka. Uji wa shule hanywi, ukiwa na mabonge hata kumtazama mwenzake akiunywa hawezi.

Kinachonichanganya ni hiki: mtoto huyu huyu anayelia akiguswa begani na jirani yake, saa ya mapumziko anajibamiza ukutani kwa makusudi huku anacheka, na anazunguka kama pia mpaka sisi watazamaji ndio tunapata kizunguzungu.

Wenzangu ofisini wanasema ni deko. Ameshachapwa kwa kukwepa mchakamchaka. Mwalimu Mkuu si mtu mbaya, ila anasema shule haina kitengo cha elimu maalumu, mama aitwe aambiwe atafute shule maalumu. Mama mwenyewe anakaanga vitumbua asubuhi, baba ni dereva wa lori, haonekani sana.

Naombeni mnisaidie: nimwambieje mama bila kujifanya daktari? Nifanye nini darasani bila bajeti? Na je, shule inaweza kumtoa mtoto hivi hivi?

Bwashee_Mkavu

Mwalimu unajitafutia kazi. Sisi tumekimbia mchakamchaka peku na tukachapwa na tumekuwa watu. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai. Wiki moja ya mkono wa chuma atanyooka.

mtoa_tiba_kwa_vitendo

Mwalimu hongera kwa macho yako. Wazazi wengi wanaokuja kliniki hawatupi nusu ya hayo uliyoandika. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo, wengi wanatuita OT, nilisomea KCMC Moshi.

Bwashee, mtoto anayedeka hupunguza kelele asipotazamwa, au akipata anachotaka. Mtoto anayejificha nyuma ya tangi peke yake hana anayemfanyia maigizo. Amezidiwa.

Sasa Mwalimu, hilo linalokuchanganya halipingani. Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu, lakini mwili una mingine: ule wa usawa ulioko ndani ya sikio, ule wa misuli na viungo unaokuambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho, na ule wa hali ya ndani, yaani njaa, kiu na haja. Mtoto mmoja anaweza kuzidiwa na sauti na mguso mwepesi, wakati huo huo mwili wake una njaa ya mgandamizo na mzunguko. Mguso mwepesi wa ghafla humshtua. Ukuta anauchagua mwenyewe, anajua unakuja saa ngapi na kwa nguvu gani, na ule mgandamizo unamtuliza. Kwa hiyo Z ameshajitafutia tiba yake, imebaki tumpe iliyo salama zaidi ya kujibamiza.

Aliyeanza kuyaeleza haya kitaalamu ni OT wa Marekani, A. Jean Ayres, kuanzia miaka ya 1960. Niseme ukweli pia: wataalamu hawajakubaliana kila kitu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2012 kiliwataka wanachama wake wasiyaite matatizo haya ya hisi ugonjwa unaojitegemea. Mwaka uliofuata mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa huko huko Marekani, ule wa DSM-5, uliingiza tofauti hizi za hisi kwenye dalili za usonji, yaani autism. Lakini wapo watoto wenye hisi za namna hii wasio na usonji. Kwa hiyo wewe usimpe jina lolote, na mwalimu mwenzako asimpe.

Kabla ya yote, masikio yapimwe. Usaha wa muda mrefu au maumivu ya sikio yanaweza kumfanya mtoto aogope sauti. Anzeni hospitali ya Bombo hapo Tanga, muulize na huduma ya OT. Isipopatikana, waombe rufaa ya hospitali ya KCMC au Muhimbili.

Darasani, kazi nzito ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote. Kabla ya kipindi kinachomshinda, mtume abebe madaftari ya darasa zima mpaka ofisini, asogeze madawati, asukume ukuta kwa viganja huku akihesabu mpaka ishirini. Ndoo ndogo ya maji, ufagio wa uani. Watoto wa kliniki za mjini tunawanunulia vifaa vya gharama kuiga kazi hizi hizi.

Kelele za ghafla mpe taarifa. Ukiwa na saa, mwambie "bado kidogo kengele", aanze kuziba masikio mwenyewe. Asizuiwe kuziba. Maduka ya vifaa vya ujenzi yanauza viziba masikio vile vya mafundi seremala. Avivae wakati wa mvua na ngoma tu, si kutwa nzima: masikio yakizoea ukimya, kelele ya kawaida inazidi kuwa kali. Na njiani asivivae kabisa, bodaboda hazingoji mtu.

Mama_wa_Wawili_Temeke

Mwalimu, mimi ni mzazi, na siku hizi nawasindikiza wazazi wengine shuleni na hospitali wanapoogopa kwenda peke yao. Nijibu la kuzungumza na mama.

Usimwandikie barua ya wito. Barua ya shule kwa mama wa mtoto wa namna hii ina maana moja tu, na ameshaipata kwa majirani, kwa mawifi, kwenye daladala. Nenda kwenye vitumbua vyake jioni akishapunguza wateja, nunua, kaa. Anza na hesabu za mtoto. Mwambie "Z ananifurahisha kwa hesabu, hebu nisaidie nimwelewe vizuri zaidi." Halafu uliza, usieleze: nyumbani analala vipi? Nguo gani anazipenda? Akinyolewa inakuwaje? Anakula nini bila kugombezwa? Utashangaa. Mama atakuwa na orodha ndefu kuliko yako, ila hakuna aliyewahi kumuuliza bila kumlaumu.

Akishamwaga ya moyoni ndipo useme, "hata mimi shuleni nayaona, tukiyaandika pamoja tukampelekea daktari itasaidia." Neno usonji lisitoke kinywani mwako. Likitoka, baba akirudi safari atasikia "mwalimu kasema mwanao punguani", na mlango umefungwa.

Na baba usimruke. Hao madereva wana simu, mpigie umsalimie, umwambie jambo moja zuri la mtoto.

Ukhty_Pongwe

Mimi nashauri apelekwe kwa shehe asomewe. Kushtuka kwa ngoma na kupiga kelele si kawaida, nimeona watoto wakapona.

Mama_wa_Wawili_Temeke

Ukhty, kisomo hakina ugomvi na hospitali, hata mimi mwanangu alisomewa. Ila mwombe shehe asome kwa sauti ya chini na asimfukize. Wangu tulimfunika shuka na chetezo cha ubani ndani, mtoto ambaye harufu ya sabuni tu inamkosesha raha. Alipokuwa anajirusha tukaambiwa hao ndio wanaotoka. Alikuwa anatafuta hewa.

kimya_kingi

Huwa nasoma tu humu, leo nachangia. Nina usonji, nimegundulika mtu mzima, nafanya kazi ya uhasibu.

Ngoma ya mchakamchaka mimi nilikuwa naisikia kwenye meno na kifuani, na kuziba masikio kunasaidia nusu tu. Umbali ndio unasaidia. Yule mtoto hakimbii zoezi. Mwambieni akimbie peke yake uwanja ule wa mbali muone.

Kuhusu mtandio. Lastiki haikuishia kubana ngozi. Mimi ilikuwa kola ya shati: akili yote iko pale, mwalimu anafundisha namuona mdomo unatembea. Aliyeniokoa ni bibi yangu. Alifumua ile kola, akakata lebo, akaifua sare mpya mara nyingi na kuianika juani mpaka ikalegea. Mtandio wa Z ushonwe wa pamba, rangi ile ile ya shule, usiwe na lastiki, ufungwe kwa kishikizo nyuma. Hakuna atakayejua tofauti zaidi yake yeye.

Na mkitaka kumgusa, mje mbele yake mumuonyeshe mkono kwanza. Mshike imara, msimpapase.

Pwani_Msa

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mtoto kama huyu tunampeleka EARC, ni vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya masomo, vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Ukitoka hapo una karatasi, na karatasi ndiyo mwalimu mkuu anaiheshimu. Foleni ni ndefu lakini. Hapo kwenu hakuna kitu kama hicho upande wa elimu?

Duka_la_Utulivu

Tunauza mablanketi mazito ya kutuliza watoto wenye usonji, analala fofofo usiku wa kwanza! Tunatuma mikoani. Njoo inbox.

mtoa_tiba_kwa_vitendo

Ndugu yangu wa duka, "usiku wa kwanza" umeitoa wapi? Utafiti uliofanyika Uingereza na kutoka mwaka 2014 uliwapa watoto wenye usonji blanketi zito na blanketi la kawaida kwa zamu, usingizi haukutofautiana. Watoto na wazazi walilipenda lile zito, hilo ni kweli, na kupenda si jambo dogo. Lakini mama wa vitumbua asikope kwa ajili hiyo. Na mtoto mchanga, au yeyote asiyeweza kulitoa mwenyewe, asifunikwe kabisa.

Mstaafu_Elimu

Nimefanya kazi elimu maalumu ngazi ya halmashauri mpaka kustaafu, nijibu la kuhamishwa na la Pwani_Msa kwa pamoja.

Mwalimu Mkuu hana mamlaka ya kumwambia mzazi "tafuta shule nyingine" kwa sababu mtoto anaziba masikio. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na ambaye hata hajapimwa utamtoa kwa kigezo gani? Shule maalumu na vitengo vipo, vina kazi yake, lakini mtoto anayeongoza kusoma na kuhesabu akipelekwa kitengo kwa sababu ya kengele tutakuwa tumemwonea. Njia ni hii: Mwalimu Mkuu amwandikie Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri aombe mtoto apimwe. Muulize pia kama kuna mwalimu aliyetoka Chuo cha Patandi, kile cha walimu wa elimu maalumu, shule za jirani, aje akae darasani kwako siku moja. Siku moja ya mtu wa Patandi inazidi semina.

Hilo la fimbo, mkumbusheni mwalimu mwenzenu kwamba kanuni za 2002 hazimruhusu kila aliyeshika zamu kuchapa. Ni Mwalimu Mkuu au aliyemteua kwa maandishi, visizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari. Muulizeni hilo daftari liko wapi. Huwa ofisi inanyamaza.

mwalimu_wa_zamu

Nawashukuru sana wote, hata Bwashee. Nimerudi na mrejesho.

Mama nimekaa naye. Kweli nilikuwa na orodha fupi. Kumbe mtoto halali mpaka apate godoro ukutani ajibane katikati, na kunyolewa ni vita, wanamnyoa kwa wembe akiwa usingizini kwa sababu ya mlio wa mashine. Alilia, kisha akaniuliza kama na mimi nina mtoto wa hivi. Bombo anakwenda naye, masikio kwanza. Mtandio wa pamba ameshautafutia fundi.

Z sasa ndiye mbeba madaftari wangu. Ukutani bado anaenda, lakini mara chache.

Mwalimu Mkuu kakubali kuhamisha rimu kwenye mti wa nyuma ya vyoo kwa sababu haina gharama. Barua ya Afisa Elimu Maalumu anasema ataandika, nitamkumbusha. Fimbo kasema tusimguse Z, ingawa lile swali la daftari sikuthubutu. Alipokwama ni mchakamchaka: akimruhusu Z afagie uani wakati wenzake wanakimbia, kesho watoto wote watataka kufagia. Nimjibuje?

mtoa_tiba_kwa_vitendo

Kabla ya hilo: ukimwandikia daktari, andika ulichokiona na saa yake, kama ulivyotuandikia sisi. "Saa 1:10 ngoma ilianza, alikimbilia nyuma ya tangi, alipovutwa arudi alitapika." Usiandike "ni msumbufu" wala "ana dalili za usonji". Na umwombe mama aache kumnyoa kwa wembe akiwa amelala, akizinduka atakatika. Mkasi, mchana, nywele chache kwa siku, na yeye ashike kioo.

kimya_kingi

Mwambie Mwalimu Mkuu afanye jaribio: wiki moja mtoto yeyote anayetaka kufagia badala ya kukimbia aruhusiwe, na uwanja wote ufagiwe kabla ya kipindi cha kwanza. Siku ya tatu atabaki Z na labda mwingine mmoja, na huyo mwingine mwalimu umwangalie vizuri.