Baridi imenikatia kiu: je, ninywe maji hivyo hivyo?

Mkimbiaji wa Uyole: Shikamooni wakubwa. Hukimbia alfajiri kutoka Uyole kuelekea Mbeya mjini, na tangu baridi ya Juni ianze sihisi kiu kabisa, ingawa narudi na kichwa kizito na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Je, ninywe maji hata kama mwili hauyadai?

Mama Isanga: Marahaba, mdogo wangu. Kunywa, maana baridi hupunguza hisia ya kiu lakini haizuii mwili kupoteza maji: ule mvuke unaouona ukitoka mdomoni alfajiri ni maji yako yanayokwenda, na jasho nalo hufyonzwa na sweta kabla hujaliona. Mkojo ukiwa wa njano iliyofifia, umetosheka. Maji ya uvuguvugu hunyweka kwa urahisi zaidi asubuhi, na uji nao ni maji.

Mwalimu wa Mazoezi, Iringa: Naafiki, ila wengi hulipuuza hili: kujilazimisha kunywa malita kadhaa kwa muda mfupi ni hatari, kwa sababu sodiamu katika damu hushuka, na mtu huweza kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Kwa mbio zisizozidi saa moja, maji matupu yanatosha. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo amwone daktari kwanza.

Mkimbiaji wa Uyole: Nashukuru sana. Na chai ya maziwa, inahesabika?

Mama Isanga: Inahesabika, mradi usiijaze sukari.