Watoto wanauliza ya nyumbani Lindi na Mtwara, tuwaambie nini?

Kutoka: Binti Kitunda, Reading

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naomba mnisaidie jambo. Mwanangu wa miaka tisa kapewa kazi shuleni aandike bibi zake waliishije walipokuwa wadogo, kanikalia pale mezani na penseli, haya mama sema. Nkaanza vizuri tu, nkamwambia bibi yangu alikuwa anakaa Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini, tulikuwa tunavuka kwa mashua na maji yanaingia kidogo kidogo, mwenye chombo anatupa kopo watoto tufue maji, na bibi tunamuona toka mbali kasimama ufukweni kajifunga kanga kifuani. Mtoto anaandika, anafurahi. Halafu akauliza, na yeye bibi alipokuwa mdogo alikuwa anacheza nini?

Sina jibu. Nimelala kitanda kimoja na yule bibi likizo zote za utoto wangu na sikuwahi kumuuliza, na sasa keshatangulia. Mama yangu yupo, ana miaka 74, lakini kila nkimwambia mama nisimulie ya zamani ananijibu zamani ipi tena mwanangu, tulikuwa tunalima tu. Picha tunazo tatu, moja imeshaliwa na ukungu uso hauonekani. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Kutoka: Mwana wa Newala, Leicester

Dada yangu pole, mimi nimepita hapo hapo, mama yangu naye jibu lake lilikuwa hilo hilo la kulima. Mwenzio nilikuja kugundua swali ndo lilikuwa kubwa mno, mtu ukimwambia asimulie zamani yote ataanzia wapi? Siku moja nampigia namkuta anabangua korosho, nasikia jiwe linagonga ko ko ko, nkamuuliza tu, hivi mama, bibi alikuwa anazichomea kwenye nini? Hakunyamaza tena mpaka simu yangu ikaisha chaji.

Bibi alikuwa na kipande cha debe alichokitoboa toboa kwa msumari, anakiweka juu ya mafiga, anamwaga korosho na kuzikoroga kwa mti mrefu, maana zikishaanza kutoa mafuta zinaruka na moto unashika juu kwa juu, moshi mweusi, sisi watoto tunaambiwa simameni kule upepo unakotoka. Zikishawaka vizuri analipindua debe, anazifukia na mchanga, moto unakufa. Zikipoa ndo kubangua, jiwe chini jiwe juu, na mikono unaipaka majivu kwanza kwa sababu yale mafuta ya ganda yanababua ngozi. Nzima zinaingia kwenye ungo, zilizovunjika za watoto, kwa hiyo sisi tulikuwa tunazigonga vibaya makusudi. Hayo yote nilikuwa nayakumbuka mwenyewe. Nisichokijua ni kwamba bibi alikuwa anatuona. Mama ndo kaniambia, kumbe na yeye alipokuwa mdogo alifanya hivo hivo na bibi alimwacha vile vile. Nilikaa na hilo neno siku nzima kazini, nafurahi mwenyewe.

Basi tangu hapo kila simu nauliza kitu kimoja, kidogo, cha kushikika. Jumapili iliyofuata nkauliza ya maji. Sisi Newala tupo juu na maji yako chini bondeni, mimi nimekulia maji ya mvua ya kukinga kwenye bati, lakini mama anasema kizazi chao walikuwa wanateremka kabla hapajakucha na kupanda ule mlima na mzigo kichwani, juu ya maji wameweka majani yasirukeruke. Siku moja aliteleza karibu na kufika, maji yote chini. Alidhani atachapwa. Bibi akamtua, akachukua mtungi wake akamgawia nusu, wakaingia kijijini kila mtu na nusu yake.

Mambo mengine ya haraka. Mpigie wakati mikono yake ina kazi, anachambua mbaazi au anakuna nazi, akikaa kwenye kiti anakuwa kama yuko kwenye mkutano. Nyumbani wako mbele yetu huku Uingereza saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto, mimi napiga saa tatu asubuhi ya huku, kule mchana, wanaandaa chakula. Mwambie kabisa kwamba unamrekodi, ni heshima yake. Hizo picha tatu mwombe mtu wa nyumbani azitoe kwenye fremu azipige na simu karibu na dirisha mchana, asiwashe flashi, halafu azitume WhatsApp kama dokumenti, akizituma kawaida zinaminywa na nyuso zinapotea. Ile ya ukungu asiifute na kitambaa, itaondoka na uso wote, aipige hivo hivo ilivyo.

Kutoka: Mjomba wa Lindi, Berlin

Shikamoo zenu nimeziona, marahaba. Naongeza moja. Huku Berlin kwenye makumbusho ya historia ya asili yupo yule mjusi wetu wa Tendaguru kule Lindi, yaani mifupa ya dinosaria, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa ilichimbwa 1909 mpaka 1913 na watu wa kwetu ndo walioibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Marehemu baba alipokuja kunitembelea nilimpeleka. Wageni wote wanatazama kichwa kule juu, yeye kasimama mbele ya mguu, anautazama ule mfupa wa paja kimya, halafu akasema, huu ulibebwa na wangapi? Tukakaa kwenye benchi pale akaanza kunihesabia watu wa ukoo wetu waliokuwa wapagazi, majina ambayo sikuwahi kuyasikia, na mimi nna karatasi ya bei ya tiketi tu mfukoni, nkaandika nyuma yake. Ninayo mpaka leo, na nakala nimewapa wapwa zangu wote, kikipotea kwangu kiwepo kwao. Msimwachie mtu mmoja.

Kutoka: Binti Kitunda, Reading

Ahsanteni sana jamani. Jana nimempigia mama nkamkuta anakuna nazi, nkauliza kitu kimoja tu kama kaka alivyosema, mama, bibi alipokuwa mdogo mtoto wake wa kuchezea alimtengeneza na nini? Mbuzi ikasimama. Akasema, kigunzi cha muhindi. Anamfunga mgongoni na kipande cha kaniki, na akienda shamba anaenda naye, akikaa kivulini anamnyonyesha, na yule mtoto alikuwa na jina, bibi alilikumbuka mpaka uzeeni. Nkauliza jina gani? Mama akacheka, akasema, lako.

Mwanangu kayaandika yote. Leo jioni tunapita sokoni kutafuta mahindi yenye maganda yake, anataka kwenda na kigunzi shuleni.