Treki za kwodi kwa kazi ya theluji: kufunga, kupima, na kuvuka ziwa

Kutoka: Sakina, Arusha

Wandugu, habari za huko mliko. Mdogo wangu ni fundi wa Land Cruiser hapa Unga Ltd. Katikati ya Novemba anaondoka kwenda kufanya kazi kwenye shamba karibu na Thunder Bay, Ontario, Kanada. Mwajiri ametuma picha za kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya cc 570 na treki nne za mpira zikiwa bado kwenye maboksi. Zinafanana na cheni za katapila, ila ni ndogo na zina umbo la pembetatu. Kazi itakuwa kusukuma theluji barabarani na kuvuta sledi (kigari cha kuburuta kisicho na magurudumu) ya kuni. Spana anaijua vizuri, lakini theluji anayoijua ni ile ya Kibo, tena kwa mbali. Aanzie wapi?

Kutoka: Thunder Bay, Ontario

Kaka, salamu nyingi nyumbani. Aanze kwa kuhesabu maboksi. Treki huuzwa kwa mafungu mawili: treki zenyewe, na vifungio vya kuzishika kwenye chombo. Vifungio hutengenezwa kwa modeli na mwaka wa kwodi, kwa hiyo asome namba kwenye fremu na kuilinganisha na namba ya boksi. Kifungio cha modeli jirani kinaweza kuingia kwa kulazimishwa, halafu kikapinda wishiboni ya chini (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) siku ya kwanza ya kugonga kisiki. Kama treki ni za mtumba, ajue kwamba jina la Camoplast na jina la Camso ni kampuni ileile. Ilibadilisha jina mwaka 2015, na mwaka 2018 ilinunuliwa na Michelin. Asipojua hilo atatafuta spea wiki nzima.

Kufunga. Kwodi ikae sakafu iliyonyooka. Alegeze nati za magurudumu kabla ya kupiga jeki, kisha ainue upande mzima wa mbele na kuuweka juu ya stendi. Asiiache ikae juu ya jeki peke yake, maana kila treki ni nzito na ataisukuma kwa goti na bega. Treki ina alama ya kushoto, kulia, mbele na nyuma. Azipange chini pembeni ya kwodi kwanza, kila moja mahali pake, azitazame, ndipo aanze. Habu ya treki inaingia kwenye stadi (bolti) zilezile za gurudumu. Nati azikaze kwa msalaba, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Baada ya saa ya kwanza ya kazi azikaze upya zote. Hili asiliruke hata kama baridi inauma vidole, kwa sababu rangi na kutu kati ya habu na stadi husagika, na nati iliyokuwa imebana asubuhi inakuwa imelegea mchana.

Halafu kuna mkono wa kizuizi, na hapa ndipo mafundi wazuri wa magari wanapokosea. Treki isiposhikwa, pembetatu nzima itazunguka na ekseli badala ya mpira kuzunguka. Mkono huo, wenye bushi za mpira, unaifunga treki kwenye wishiboni au fremu ili icheze kidogo juu na chini bila kujipindua. Urefu wake ndio unaoamua pua ya treki ya mbele ikae juu kiasi gani. Pua ikiwa chini mno, staringi inakuwa nzito kama jiwe na treki inachimba chini ya theluji badala ya kuipanda. Ikiwa juu mno, kisigino cha treki kinabeba mzigo wote, kwodi inayumba, na bushi zinapigwa hadi zinapasuka. Kipimo kiko kwenye kitabu na huchukuliwa kwodi ikiwa chini, imebeba uzito wake, staringi imenyooka.

Baada ya hapo alaimenti, yaani uelekeo wa treki za mbele. Apime kati ya treki mbili za mbele, kwanza upande wa mbele kisha upande wa nyuma, kwa urefu uleule kutoka sakafuni. Kwa kawaida hutakiwa mbele ziwe zimefunguka kidogo, milimita chache tu. Arekebishe kwa tairodi (fimbo za staringi), pande zote mbili sawa. Mwisho ageuze staringi hadi mwisho kulia na kushoto, mtu mwingine akitazama kama mpira unagusa matgadi au sehemu ya kukanyagia. Ukigusa, kuna vizuizi vya staringi vinavyokuja na vifungio. Avifunge, asikate plastiki.

Mkazo wa mpira haupimwi kwa jicho. Kitabu kinatoa namba mbili: uzito wa kuvuta na kina ambacho mpira ushuke. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana. Aweke rula ndefu juu ya magurudumu mawili madogo ya ndani ya treki, avute mpira katikati kwa mizani ya ndoano, asome pengo. Mpira ukilegea, meno ya sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mpira) yanaruka na utasikia ko-ko-ko unapovuta mzigo au kurudi nyuma. Ukikaza mno hakuna kelele yoyote, na hilo ndilo baya: beringi zinachemka, mafuta yanaisha haraka, na injini inachoka bila wewe kujua kwa nini. Mpira mpya hunyooka, kwa hiyo apime tena baada ya saa chache za kwanza.

Kutoka: Moshi, Pasua (fundi, zamani Winnipeg)

Fundi wa Thunder Bay ameeleza vizuri. Naongeza mambo ya ndani, kwa sababu kijana atakuja na akili ya Cruiser, na kwodi haina gia boksi ya namna ile. Ina mkanda wa mpira kati ya puli mbili, kama skuta. Treki inaongeza msuguano mwingi, na mzigo huo wote unabebwa na mkanda. Kwa hiyo kusukuma theluji, kuvuta sledi, kupanda kilima, vyote ni gia ya chini, ile L, tangu mwanzo. Akitumia gia ya juu kwa mwendo wa polepole, mkanda unateleza kwenye puli, unachemka, unanuka kama mpira uliochomwa, kisha unapata doa gumu linalogonga kila mzunguko. Mkanda wa akiba na vifaa vya kuubadilisha vikae kwenye kwodi yenyewe. Vikiachwa gereji havitamsaidia porini. Theluji ya unga pia huvutwa kwenye tundu la hewa la nyumba ya mkanda, na mkanda uliolowa hauvuti. Afunike tundu kwa kichujio cha kitambaa na ajue plagi ya kutolea maji iko wapi.

Jambo la pili ni sproketi. Kwenye baadhi ya treki, sproketi ya mbele na ya nyuma hazina idadi moja ya meno. Ahesabu kabla ya kufunga. Zikibadilishana, ekseli za mbele na za nyuma zinataka kwenda kwa mwendo tofauti kwenye 4x4, na kinachoumia ni propela, difu ya mbele na sivijointi. Fundi yeyote aliyewahi kuona Cruiser yenye difu mbili za uwiano tofauti anajua mwisho wake.

Spidometa itadanganya. Sproketi ni ndogo kuliko tairi, kwa hiyo mwendo halisi uko chini ya unaoonyeshwa. Atumie GPS ya simu ajue tofauti, kisha aifuate kasi ya juu iliyoandikwa na watengenezaji wa treki, si ya kwodi.

Boljointi, tairodi endi na beringi za habu zitalika haraka kuliko kwa matairi. Kila wiki ainue, ashike treki juu na chini, atikise. Magurudumu madogo ayazungushe moja moja kwa kidole: linaloguna au kukwama sili yake imeingiza maji, alibadilishe kabla halijala chuma linapokaa. Na tafadhali, sehemu zisizo na theluji, lami au changarawe kavu, aende taratibu na safari iwe fupi, kwa sababu theluji ndiyo inayopoza mpira na plastiki za ndani.

Kutoka: Sakina, Arusha

Asanteni sana. Mwajiri anasema njia ya mkato kwenda kwenye kuni inapita juu ya ziwa. Mdogo wangu anauliza, treki si zinatandaza uzito, kwa hiyo barafu nyembamba inatosha?

Kutoka: Duluth, Minnesota

Kaka, mwambie haitoshi, na hili alielewe vizuri kabla hajapanda ndege. Kwenye theluji laini treki zinaelea kwa sababu zinatandaza uzito, kama mtu anavyotandika ubao kupita kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Barafu ya ziwa haifanyi kazi hivyo. Inapinda kama ubao mmoja mkubwa na kubeba jumla ya uzito. Kwodi, treki, mtu na mafuta ni zaidi ya kilo 500, kabla hajafunga sledi.

Idara ya maliasili ya Minnesota inashauri barafu mpya, safi, ya rangi ya buluu iliyo wazi: inchi 4, yaani sentimita 10, kwa mtu anayetembea, inchi 5 hadi 7 kwa kwodi ndogo au pikipiki ya theluji, inchi 7 hadi 8 kwa kwodi kubwa ya watu kukaa pamoja. Yeye mwenye treki na kuni ahesabu sentimita 20 na kwenda juu. Barafu nyeupe, ile yenye theluji iliyoganda ndani yake, iwe unene mara mbili. Apime kwa kutoboa, arudie kila baada ya hatua kadhaa, kwa sababu karibu na mito, chemchemi na matete unene hubadilika ghafla. Wala asidhani mpira unashika barafu tupu. Bila misumari, treki inateleza kama sabuni, na breki haisaidii.

Kwenye theluji nene treki zikianza kuchimba, aachie mafuta mara moja. Kila sekunde ya kulazimisha inashusha kwodi zaidi. Ashuke, akanyage theluji mbele na nyuma ya treki, arudi polepole kwenye njia yake mwenyewe, kisha ajaribu upande mwingine. Kwenye mteremko wa ubavu asivuke: treki zimeinua kwodi na inapinduka mapema.

Kutoka: Thunder Bay, Ontario

Nimesahau plau, yaani blade ya mbele ya kusukuma theluji. Treki zinainua chombo, kwa hiyo blade ya kawaida inakaa kwa pembe mbaya na kubeba theluji juu badala ya kuisukuma pembeni. Kuna vipande vya kushushia mkono wa plau, ni vya bei ndogo. Mwajiri aviagize sasa, kabla ya msimu.

Jioni, kabla ya kuegesha, azungushe treki kidogo mbele na nyuma zimwage theluji, agonge iliyobaki kwa fimbo, kisha aegeshe juu ya mbao mbili. Joto la mashine huyeyusha theluji iliyoshikilia kati ya meno ya sproketi, na kufika usiku wa manane imekuwa barafu ngumu kama kioo. Asubuhi akikanyaga mafuta kwa nguvu, kinachokatika ni jino la sproketi au mkanda. Achunguze kwanza, agonge kwa nyundo ya mpira, asimwage maji ya moto kabisa, yataganda ndani ya beringi. Kisha dakika kumi za kwanza aende polepole hadi grisi ilegee.

Na kabla hajaondoka, apite soko la Kilombero anunue mizani ndogo ya ndoano, ya kidijitali. Ndiyo ya kupimia mkazo wa mpira, na kwenye begi haichukui nafasi.