Tundu la hereni linatoa usaha: tuitoe au tuiache?

Ndugu zangu, habari za leo. Kuna binti hapa nyumbani, miaka 19, sikio lake limetobolewa wiki tatu zilizopita. Limevimba, lina joto na linatoa usaha. Hereni tuitoe? Na tusafishe kwa kitu gani?

*

Dada, hereni msiitoe. Tundu jipya huziba haraka, na likiziba huku usaha ungali ndani linageuka jipu. Hereni ndiyo inayouachia usaha njia.

Chukueni kikombe cha mililita 250 cha maji yaliyochemshwa, yapoe yawe vuguvugu, mtie robo kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Msizidishe mkidhani itaua vijidudu zaidi. Chumvi nyingi hukausha ngozi ikapasuka. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni, sekunde 20. Loweka shashi safi, mwiweke mbele na nyuma ya tundu dakika 5 hadi 10 mpaka kigaga kilainike, ndipo mkifute taratibu. Kikiwa kikavu msikibandue kwa kucha, mnafungua kidonda upya. Suuzeni, kisha kausheni kwa tishu kwa kugusagusa tu. Pamba huacha nyuzi zinazojisokota kwenye hereni, na taulo la bafuni limejaa vijidudu.

Asubuhi na jioni inatosha, kila mara kwa maji mapya. Hereni isizungushwe. Watu bado wanaambiana izungushwe ili isigande, lakini kila mzunguko unachana ngozi changa na kuingiza uchafu wa nje.

Spiriti, haidrojeni peroksaidi na dawa ya meno wekeni kando. Zile mbili za kwanza huua hata chembe mpya zinazojenga ngozi, kwa hiyo kidonda kinachelewa kupona. Marhamu nzito nayo hufunika tundu, usaha ukakosa pa kutokea.

*

Naongeza kuhusu dalili, kwa sababu maandishi mengi husema "tazama wekundu", na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unaweza kuona rangi ya zambarau, au ngozi kuwa nyeusi zaidi na kung'aa, au usione kitu. Tumieni mgongo wa mkono: gusa sikio hili, gusa la pili, linganisha joto. Kisha chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe. Uvimbe ukivuka mstari, au homa ikifika nyuzi 38, au mitoki ikijitokeza shingoni, muoneni daktari siku hiyo hiyo.

Majimaji meupe au ya njano hafifu yanayokauka kuwa kigaga ni ya kawaida kwa tundu linalopona. Usaha mzito, wa kijani au unaonuka, ndio wa kushughulikia. Kama ni muwasho na vipele zaidi ya maumivu, shuku nikeli iliyo ndani ya hereni. Hapo maji ya chumvi hayaponyi, hereni ibadilishwe na aliyetoboa, iwekwe ya titani.

Ila dada hujasema: tundu liko kwenye ndewe au juu?

*

Juu, kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio. Usaha una ukijani.

*

Basi hilo si la nyumbani. Aende leo.

Gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando uliolifunika. Usaha ukijaa kati ya utando na gegedu, gegedu linakosa chakula na kufa, na sikio huweza kujikunja na kubaki hivyo daima. Kidudu kinachoongoza hapo ni Pseudomonas, na amoksilini haikiui. Kwa hiyo msimpe vidonge vilivyobaki kabatini. Mtapoteza siku mbili mkidhani anatibiwa.

Hereni ibaki mpaka daktari mwenyewe aamue. Mkipiga simu msiseme tu "sikio linauma", mtapewa miadi ya wiki ijayo. Semeni: gegedu la sikio lilitobolewa wiki tatu zilizopita, limevimba, lina joto, linatoa usaha. Wakikosa nafasi leo, nendeni idara ya dharura. Mwandikieni kwenye karatasi tarehe ya kutobolewa, dawa zote alizopaka au kumeza, dawa zinazomdhuru, na kama ana ujauzito, maana baadhi ya antibiotiki zinazotumika hapa hazimfai mjamzito. Waombeni wachukue usaha kwa ajili ya maabara kabla ya dozi ya kwanza.