MJADALA: Ukija mlipuko mwingine, tugawe makapu ya chakula au tulipe madaftari ya madukani?

Mwanzisha mada (Makorora, Tanga)

Assalam alaykum, na habari zenu nyote. Juzi kwenye kikao cha chama chetu cha kufa na kuzikana limeletwa wazo tuwe na mfuko wa chakula wa dharura, ili kikija kipindupindu au ugonjwa kama ule wa 2020 tusianze kupitisha bakuli watu tayari wana njaa. Mfuko wote tumeukubali. Tulipogombana ni hela itumikeje. Wengi wanataka tununue mchele, unga, maharage na sukari tufunge makapu tugawe. Mimi nikasema hapana, hela ipelekwe kwenye maduka ya mtaani ikalipe madaftari ya mkopo. Kikao kikavunjika bila muafaka, Jumamosi tunarudi tena. Naieleza hapa mnipinge kwa hoja.

2020 nilikuwa mweka hazina wa chama. Mnakumbuka kesi ya kwanza ya korona nchini ilitangazwa tarehe 16 Machi, kesho yake zikatangazwa shule kufungwa, na wanafunzi wadogo hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Sisi hatukufungiwa kama ndugu zetu wa Mombasa, ambao Mji wa Kale wao ulizuiwa kutoka na kuingia kuanzia tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, ila hela mtaani ilipotea vilevile. Watoto waliokuwa wanapata uji shuleni wakawa wanashinda nyumbani, kilo ya unga iliyokuwa inafika usiku ikawa inaishia mchana. Tarehe 16 Mei Kenya wakafunga mpaka, yakawa yanapita malori tu na dereva mpaka apimwe, kwahiyo waliokuwa wanaishi kwa kuvusha vitu vidogo vidogo pale Horohoro wakakaa chini.

Tukachanga. Tukaandika listi ya kaya 86, tukanunua vitu, tukaita watu asubuhi kwenye uwanja wa ofisi moja, siitaji. Watu walifika tangu baada ya alfajiri, na walikuja zaidi ya wale 86, wamebanana ukutani kutafuta kivuli, tena ugonjwa wenyewe ndio ule tuliokuwa tunaambiwa tukae mbali mbali. Walipokuja wakubwa kupiga picha na makapu, kinamama wengine wakajifunika nyuso na khanga. Jirani yangu mmoja fundi cherehani, ambaye mwaka ule hakupata nguo za Idi za kushona, jina lake lilikuwemo kwenye listi na hakuja. Nilimpelekea mwenyewe usiku. Akanishukuru vizuri sana lakini hakunitazama machoni, na mpaka leo nikilikumbuka nasikia vibaya.

Siku ya tatu nimeenda dukani kununua sukari robo, mwenye duka pale kona akanifungulia daftari lake akaniambia mama, nyie mmegawa, hebu tazama hapa. Kaya 31 anazidai. Unga nusu, mafuta ya kupima, dagaa fungu moja, sabuni kipande, kurasa na kurasa. Na alikuwa ameshasimamisha kukopesha kwa sababu yeye mwenyewe hana cha kurudia mzigo. Nikayapitia majina, zaidi ya nusu hawakuwemo kwenye listi yetu. Dereva bajaji, muuza vitumbua, mwalimu wa shule ya kulipia ambaye hajapata mshahara tangu shule ifungwe, watu ambao mwezi mmoja nyuma hakuna ambaye angewaita maskini.

Hapo ndipo nilipobadilika. Zilizobaki kwenye mfuko tukampa akafuta sehemu ya madeni, naye akaanza kukopesha tena siku ileile, na wale watu walikuja dukani mmoja mmoja kama siku zote na mfuko wao mkononi. Hakuna foleni, hakuna aliyejua nani kasaidiwa.

Foleni sio jambo dogo. Kibera kule Nairobi, tarehe 10 Aprili mwaka uleule, watu walikanyagana kwenye ugawaji wa chakula, waliotoka nyumbani kutafuta unga wakarudi na majeraha. Na kule Sierra Leone wakati wa Ebola nyumba iliyokuwa na mgonjwa iliwekwa karantini siku 21, chakula kikichelewa watu wanatoroka kwenda kutafuta, na ugonjwa unatoka nao. Ukitaka mtu atulie nyumbani hakikisha kwanza chakula kiko karibu na mlango wake, na hapa kwetu kilicho karibu na mlango ni duka.

TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, siipingi, inawasaidia wengi. Lakini ile imepangwa kwa ajili ya umaskini wa siku zote na malipo yake yamekuwa ya kila baada ya miezi miwili. Mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga aliyekosa soko wiki iliyopita hayumo humo.

Mdau wa Mikanjuni

Mama nakuheshimu ila hapa unamkabidhi fisi bucha. Mwenye duka akishajua kuna mfuko unalipa ataandika hewa, kilo moja inakuwa mbili, na mtu aliyekula hajui kusoma. Kapu la chakula nalishika kwa mkono naliona, daftari la mtu mwingine nitalionaje? Na bei je? Wakati wa shida ndio wanapandisha.

Mwanzisha mada

Hoja yako ina ukweli na imeshatukuta. 2020 tulilipa bila kukagua, baadaye nikagundua humo ndani kulikuwa na madeni ya Januari na mengine ya vocha za simu. Kwahiyo sasa nasema hivi, kila kaya iwe na kidaftari chake nyumbani, kinachoandikwa dukani kinaandikwa na huku, na kila wiki kinamama wawili wa chama wanavipatanisha. Kinacholipwa ni unga, mchele, maharage, dagaa, mafuta, sukari, chumvi na sabuni, basi. Kila kaya iwe na kikomo, bei tukubaliane kabla na ibandikwe ukutani, na tulipe nusu kwanza. Akibainika kaandika hewa anakosa nusu ya pili na mtaa mzima unajua. Mwenye duka yule anaishi hapahapa, wanawe wanasoma madrasa moja na wetu, hilo nalo ni ulinzi. Na kapu nalo linaibiwa ndugu yangu, tofauti ni kwamba linaibiwa kabla hujaliona.

Mchangiaji wa Chumbageni

Mimi naliangalia kidini. Hata zakatul fitri, ile zaka ya kumaliza Ramadhani, sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii huku pwani tunatoa chakula, pishi ya kile kinacholiwa na watu wa mji, hatutoi hela. Kuna hekima, chakula ni chakula hakipotei njiani. Kwanini tugeuze?

Mwanzisha mada

Zakatul fitri ina masharti yake na wakati wake, inatakiwa ifike kabla ya swala ya Idi, nami natoa mchele kila mwaka, hapo hatupingani. Lakini mfuko huu ni sadaka na michango, tena na majirani zetu Wakristo wamo. Na ukija kwenye zaka ya mali, katika yale mafungu manane yaliyotajwa kwenye Sura Tawba wenye madeni wamo waziwazi. Kumlipia mtu deni la unga sio kugeuza kitu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii (Pongwe)

Mimi niongezee upande wa kipindupindu maana wengi mnaongelea korona tu. Ule mlipuko ulioanza Dar Agosti 2015, kufikia mwanzoni mwa 2018, ukijumlisha bara na visiwani, walikuwa wameugua zaidi ya watu 30,000 na zaidi ya 500 wamefariki. Kipindupindu kikiingia mahali, mojawapo ya amri za mwanzo ni kufunga vibanda vya chakula na kuzuia matunda yaliyokatwa. Sawa kiafya, lakini mama lishe pale anapoteza kipato na waliokuwa wanakula kwake, wabeba mizigo na vijana wasio na jiko, wanapoteza msosi siku hiyohiyo. Haya mawili huwa hayapangwi pamoja. Kwenye hayo madaftari wekeni dawa ya kutibu maji na mkaa wa kuchemshia, unga peke yake hauwasaidii. Na nyumba yenye mgonjwa wasiende dukani, wapelekewe.

Mdau wa Bagamoyo

Huku kwetu kila kikundi cha kinamama kina masufuria ya shughuli, yakitoka pilau la watu mia tatu linatoka. Kwanini tusipike? Kule Kerala, India, Machi 2020 nchi ilipofungwa, vikundi vya kinamama vya Kudumbashree vilisimamia majiko ya jamii zaidi ya 1,000, na baadaye wakaendesha mahoteli ya mlo wa rupia 20. Watu wa nazi na samaki kama sisi. Wao wameweza.

Mwanzisha mada

Mkaa na dawa ya maji naviandika sasa hivi, ahsante sana mhudumu. Kerala ni mfano mzuri na kwangu unasema kilekile ninachosema, vile vikundi havikuundwa siku ya ugonjwa, vilikuwepo tangu 1998. Walitumia kilichokuwa kinafanya kazi. Ila kule walikuwepo vibarua wengi wa mbali waliokwama bila jiko. Makorora wengi jiko tunalo, kinachokosekana ni cha kuweka juu yake. Na kwa kipindupindu sufuria moja ikiingia uchafu umeumiza watu mia tatu kwa mkupuo mmoja, hapo naogopa kweli.

Mdau wa Duga

Nimesoma yote nimenyamaza, sasa niseme. Mimi ni mpangaji, nimetoka Handeni mwishoni mwa 2019 nimekuja kutafuta maisha, miezi minne baadae ndio korona. Kwenye listi yenu nisingekuwemo kwa sababu mjumbe wa mtaa hanijui, na kwenye daftari la duka nisingekuwemo pia kwa sababu hakuna anayemkopesha mtu asiyemjua. Nilikuwa nalala na muhogo wa kuchemsha siku tatu mfululizo mimi na mke wangu ana mimba ya miezi sita. Daftari ni la watu wanaoaminika tayari. Asiyekopesheka ndio mwenye njaa kuliko wote na wewe mama umemruka.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, hapa umenishinda na sitaki kuzunguka. Lile daftari nililitazama majina 31 nikaona limekamilika, sikujiuliza nani hajaruhusiwa hata kuandikwa. Pole wewe na mkeo.

Jumamosi narudi na pendekezo lingine. Theluthi mbili ya mfuko iende kwenye madaftari, theluthi moja iwe ya dhamana, yaani mpangaji au mgeni yeyote akiletwa na jirani mmoja tu, sio lazima mjumbe, chama kinamwambia mwenye duka mfungulie ukurasa, akishindwa kulipa deni ni letu. Na wale wasio na jiko aliowataja mhudumu, hao tuwapikie, tena wachache sufuria ndogo. Sijui kama kikao kitakubali dhamana, najua kuna watakaosema wageni watakula wahame. Wewe wa Duga ungeweza kuja ukayasema haya mbele yao? Mimi nikisema kwa niaba yako hayatakuwa na uzito huo.

Mdau wa Duga

Nitakuja, mnaanza saa ngapi? Ila wale wanaopatanisha vidaftari kila wiki mmoja wao awe mpangaji. Mke wangu anajua kusoma na hesabu, yuko tayari.

Mwanzisha mada

Saa kumi, baada ya alasiri. Njoo naye.