Mjadala: Je, kazi bunifu zinatosha kupima uelewa wa utendi wa Fumo Liyongo?

MTOA MADA

Walimu wenzangu na wapenzi wa fasihi, naomba tujadili jambo ambalo limetugawa kwa muda sasa. Wapo wanaosema kwamba mwanafunzi aliyesoma utendi wa Fumo Liyongo, yaani shairi refu kuhusu shujaa huyo wa pwani lililoandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, apimwe kwa kazi bunifu, yaani igizo, mchoro, barua ya mhusika au beti alizozitunga mwenyewe, badala ya insha ya uchanganuzi. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi hizo ni njia ya kugawa alama bure. Msimamo wangu ni kwamba kazi bunifu inaweza kupima uelewa kwa kina ambacho insha haifikii, ila kwa sharti moja: swali limlazimishe mwanafunzi kufanya uamuzi ambao utendi wenyewe unaweza kuukubali au kuukataa, kisha autetee uamuzi huo kwa mdomo akiwa na matini mkononi.

Insha tunajua inavyojibiwa. Swali likiuliza sifa za Liyongo, majibu huja yamepangwa kama yalivyo kwenye miongozo: ni jasiri, ana nguvu zisizo za kawaida, ni mwerevu, anasalitiwa na mtu wa karibu. Kila sifa ina mfano wake, na mwanafunzi ambaye hajaufungua utendi hata siku moja anaweza kuzoa alama zote.

Chukueni kisa cha mkoma. Watu waliotumwa na mfalme wa Pate kumwua Liyongo wanapanga kula makoma, matunda ya mti wa mkoma, kwa zamu, kila mara mmoja wao akipanda mti kuwaangushia wenzake, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa huko juu. Liyongo hapandi, anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Mwanafunzi wa mwongozo ataandika kwamba huo ni werevu, na ataendelea na sifa inayofuata. Lakini mwambieni aandike mazungumzo ya watu hao wakiwa njiani kurudi kwa mfalme wa Pate. Hapo hapo atabanwa na maswali: Je, Liyongo amekwisha kujua nia yao? Ikiwa amejua, mbona hakuwadhuru, na upinde anao? Watamweleza nini mfalme, na nani kati yao atakayethubutu kusema kwanza? Hawezi kuandika mazungumzo yenye maana bila kuyaamua hayo, na hawezi kuyaamua bila kurudi kwenye beti.

Kinachonishawishi zaidi ni sehemu ya sindano. Mwana wa Liyongo, akiwa ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme, anamwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Baba anatambua kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kwa nini amwambie? Mwanafunzi wangu mmoja alichagua kutunga beti kwa sauti ya yule mwana. Alizishika kanuni zote za utendi, mizani nane kwa kila kipande, vipande vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja, na kipande cha nne kikiwa na kina chake kinachorudiwa katika kila ubeti. Alipofika kwenye ubeti ambamo mwana analipata jibu la baba, kipande cha nne kilikuwa na kina tofauti kabisa. Nilipomwuliza kama hilo ni kosa, alisema hapana: kina kile ndicho kinachozifunga beti zote kuwa kitu kimoja, na mwana, kwa kulipokea jibu lile na kunyamaza, amejitoa katika nyumba ya baba yake. Kwa mwongozo wa kusahihisha tulio nao angepoteza alama ya vina. Mimi nasema kijana yule aliuelewa utendi, kisa chake na umbo lake, kuliko wengi waliojaza kurasa.

Siyo kwamba kila kazi bunifu hufanya hivyo. Nimewahi kuona ubao uliochorwa kwa ustadi mkubwa, Liyongo amepiga magoti karibu na kisima, upinde umevutwa, hata mishipa ya mkono inaonekana. Ulipewa alama za juu. Baadaye aliyeuchora aliulizwa kwa nini watu wa mji hawakuthubutu kwenda kuteka maji, akajibu kwamba Liyongo alikuwa akiwasubiri awapige. Hakujua kwamba yule anayemchora ni maiti, amekwisha kuchomwa ile sindano na mwanawe na kufa akiwa amepiga magoti vile vile. Utendi wote unaelekea kwenye hofu ile ya watu mbele ya shujaa ambaye amekwisha kufa nao hawajui, na mchoraji alikuwa ameikosa. Ubao haukuweza kumsema. Swali moja la mdomo lilimsema.

Naomba maoni yenu, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

MCHANGIAJI

Ndugu mtoa mada, nashukuru kwa hoja uliyoijenga kwa mifano, lakini sikubaliani nawe. Mfano wako wa ubao unaidhoofisha hoja yako. Ikiwa kilichomfichua mchoraji ni swali la mdomo, basi kilichopima uelewa ni swali, na mchoro ulikuwa pambo tu. Kwa nini tusimwulize swali hilo tangu mwanzo, kwa maandishi, ili majibu ya wote yasahihishwe kwa kipimo kimoja?

Pili, nani atasikiliza utetezi wa mdomo wa wanafunzi wote katika darasa lililojaa? Na hata ikiwezekana, walimu wawili watakubaliana vipi juu ya ubeti uliovunja kina kwa makusudi? Mmoja ataona ubunifu, mwingine ataona uzembe, na mtoto ndiye atakayeumia. Kuna pia suala la nyumbani. Aliye na kamera, rangi na kaka anayejua kuhariri video ataleta kazi inayong'aa, na siku hizi programu za akili mnemba zinachora na kutunga kwa amri moja. Insha ya uchanganuzi haijashindwa. Imefundishwa vibaya, kwa maswali yanayoomba orodha. Tuulize maswali bora na tuiache insha ifanye kazi yake.

MTOA MADA

Ndugu mchangiaji, hoja yako kuhusu usawa naikubali moja kwa moja, na kwa hiyo kazi ninayoitetea ifanyike darasani, kwa kalamu na karatasi, bila kupelekwa nyumbani. Igizo la video na ubao wa rangi viwepo kwa ajili ya kufurahia utendi, ila visipewe alama za mtihani.

Hata hivyo, sikubali kwamba kazi yenyewe ni pambo. Swali lililomfichua mchoraji lilizaliwa na mchoro wake. Nisingejua pa kumwuliza kama asingechora upinde ukiwa umevutwa. Insha humruhusu mwanafunzi kuliruka asiloelewa, akaandika anachokijua, wala msahihishaji asione pengo. Anayetunga maneno ya mama yake Liyongo pale watu wanapomwendea wamsihi mwanawe awaachie kisima, hana pa kurukia. Lazima aamue kama mama anajua kwamba anazungumza na maiti, na uamuzi huo utaonekana katika kila mshororo.

Kuhusu walimu wawili kutokubaliana, ndiyo sababu nataka alama zitolewe kwa utetezi: beti kumi alizotunga, na chini yake aya moja inayotaja ni ubeti gani wa utendi uliomwongoza na ni wapi ameamua kwenda kinyume nao. Aya hiyo yaweza kuandikwa na wanafunzi wengi kwa wakati mmoja, na wale ambao aya zao zinatia shaka ndio waitwe kuulizwa kwa mdomo. Msahihishaji hatahitaji kupenda kina kilichovunjwa. Atahitaji tu kuona kama sababu iliyotolewa inasimama mbele ya matini.

Kinachobaki kujadiliwa, na hapa sijafikia uamuzi, ni uzito. Mimi ningeiacha insha katika mtihani wa mwisho, iulizwe kwa maswali bora kama unavyosema, na kazi ya kutunga na kutetea ihesabiwe katika tathmini ya mwaka mzima. Wewe ungekubali iwe sehemu gani ya alama zote?