Landrover ya 1978 inavuja na sakafu imeoza: faiba, kiraka cha kuchomelea, au kubadili ukuta mzima?

Kibosho_78
Wakuu, heshima kwenu. Nina Landrover Series III ya 1978, ile fupi, ya marehemu baba. Imebeba kahawa, wagonjwa na maharusi wa nusu ya kijiji chetu, kwa hiyo wa vyuma chakavu wasinifuate. Tangu masika yaanze, maji yanaingia upande wa dereva. Juzi napandisha kutoka mjini, nakanyaga klachi, nikasikia sakafu inabonyea. Nilipofunua mpira wa chini nikaiona barabara. Tundu linapitisha ngumi.

Nimeenda kwa mafundi watatu, kila mmoja na lake. Wa kwanza, wa Majengo, anataka kuziba kwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na risini (gundi yake inayokauka ikawa ngumu), 90,000, jioni naondoka na gari. Wa pili anataka kukata palipooza na kuchomelea bati jipya, 280,000 pamoja na rangi, siku nne. Wa tatu anasema ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini, unaoshuka mpaka sehemu ya kukanyagia, umekwisha, nitafute mwingine uliotumika, 1,500,000 na ufundi ni juu yangu. Hela ya wa pili ninayo. Ya wa tatu mpaka nijipange. Mngekuwa ninyi mngefanya lipi?

FundiBodi_Ngarenaro
Pole kaka, na hongera kwa kuitunza ya mzee. Faiba itoe kwenye hesabu. Haishiki kwenye kutu, inashika kwenye chuma safi, na hapo ulipo chuma safi hakipo. Itakaa juu kama gamba, maji yanapita chini yake, kutu inaendelea kula bila wewe kuiona. Mwakani tundu litapitisha kichwa.

Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa, hata kama tundu litakuwa mara tatu ya hili. Bati liwe geji 18, unene kama milimita 1.2. Achomee kwa migi (mashine inayojilisha waya yenyewe), nukta hapa, nukta kule, asivute mstari mmoja mrefu maana bati litajikunja. Fundi akitoa mashine ya vijiti kwa bati jembamba hivyo, muage kwa adabu uondoke.

Chalii_wa_Sakina
Mimi natofautiana kidogo na fundi. Pikapu yangu ilizibwa kwa faiba sakafuni, mwaka wa tatu huu, haijatoa tone. Si kila mtu ana 280,000 mkononi.

FundiBodi_Ngarenaro
Chalii, lako lilikuwa tundu la ukubwa gani, na lilisafishwa vipi kwanza? Nauliza kwa nia njema. Faiba kwenye kitundu kidogo kilichosuguliwa vizuri inaweza kukaa. Lakini hapo kwa ndugu yetu ndipo dereva anapokanyagia, na pedali zimefungwa kwenye ukuta huohuo.

Chalii_wa_Sakina
Kilikuwa kama shilingi mia hivi. Sawa, nimekuelewa.

MamaLandi_Himo
Kaka, ngoja nikueleze yaliyonikuta. Yangu ni Landrover ndefu, nabebea mizigo ya sokoni. Fundi mmoja alinichomelea kiraka, nikalipa, nikashukuru. Masika mawili tu, kikatoboka katikati. Nilipokitoa nikakuta mawimbi yamepigwa nyundo yakalala: lilikuwa bati la kuezekea nyumba! Geji 28, unene wake haufiki hata nusu milimita. Simama hapohapo uone bati kabla halijakatwa.

Na kuchomea bati lenye zinki kunatoa moshi mweupe. Kijana aliyelichomea alikesha na homa na kutetemeka. Zinki ikwanguliwe kwanza pale moto utakapogusa, na kazi ifanyike nje penye upepo.

Mzee_wa_Pasua
Wanangu, nimewasoma wote. Nimetengeneza magari haya tangu kijana, mengine ya wageni wa mbugani, mengine ya mashamba. Watu husema Landrover haioti kutu. Wamesema nusu. Tangu ilipoanza 1948 bodi yake ni aloi ya aluminiamu, sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu kule Uingereza. Lakini chesisi, ukuta wa mbele na fremu za milango ni chuma. Aluminiamu na chuma vikigusana penye maji, aluminiamu inaliwa. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa digadi pale linapofungwa kwenye ukuta, ujue ndiyo kazi hiyo. Wakati wa kurudishia, paka rangi pande zote mbili, weka kipande cha raba katikati, na bolti uzitie grisi.

Sasa Kibosho, mwanangu, unauliza namna ya kuziba tundu, lakini hujasema maji yanatoka wapi. Ungechomelea hata bati la dhahabu, maji yakiendelea kutuama juu yake litaoza. Fanya hivi. Toa mipira yote ya chini, futa pakauke. Chukua majivu makavu ya jikoni, paka upande wa ndani wa ukuta, kuanzia chini ya kioo mpaka sakafuni. Wewe kaa ndani na tochi, mtoto amwage maji nje kwa mpira, aanzie chini, apande taratibu. Asianzie juu, utashindwa kujua ni wapi palipopitisha. Tone likipita kwenye majivu linaacha mstari mweusi. Ufuate kwenda juu.

Ninavishuku zaidi vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo. Raba zake zikikauka hazizibi tena.

Kuhusu ukuta mzima: chukua bisibisi, gonga nguzo mbili zinazobeba milango, na miguu ya ukuta inapokaa kwenye chesisi. Bisibisi ikizama, fundi wa tatu kasema kweli. Ikidunda, hakuna haja. Kubadili ukuta ni kutoa usukani, nyaya, mabomba ya breki, pedali, milango. Na huo wa kununua umeoza wapi? Mara nyingi umeoza palepale ulipooza wako.

Njiro_4x4
Shikamoo mzee. Naongeza mawili. Moja, ile silikoni ya bei rahisi inayonuka siki msiitumie kwenye chuma, ile ni asidi. Tafuteni gundi ya poliuretani kama Sikaflex. Pili, dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi ni nzuri kwa kutu ya juujuu, baada ya kukwangua magamba. Tundu haizibi.

Je, oili chafu chini ya gari mnaionaje? Huku wengi wanapuliza.

Mzee_wa_Pasua
Marahaba. Oili inazuia kutu, ila inakusanya vumbi na inavimbisha raba. Ndani ya chesisi, sawa. Karibu na raba na mabomba ya breki, hapana.

FundiBodi_Ngarenaro
Kabla ya moto wowote: Landrover nyingi tangi la mafuta liko chini ya siti ya mbele. Litolewe, lisifunikwe tu na gunia. Na waya za betri zichomolewe.

Kibosho_78
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilifanya ya majivu, mdogo wangu akishika mpira. Maji yalipofika kwenye kifuniko cha hewa cha kulia, mstari mweusi ukashuka kama machozi mpaka kwenye tundu lenyewe. Wa pili, mwembamba, ulitoka kwenye bolti ya bawaba ya kioo. Mzee, ulisema kweli. Raba ya kifuniko ilivunjika mkononi kama mkaa.

Nguzo zote mbili bisibisi imedunda, na miguu pia. Nimeweka raba mpya, bolti nimeitoa na kuirudisha na gundi. Jana imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nimeegesha ubao juu ya tundu na kutandika gazeti. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu, nikalisoma nikinywa chai.

Jumatatu inaingia kwa fundi wa pili. Bati nimelinunua mwenyewe, nimelipima, tangi nalitoa kesho.